Ngeli za Wajitoleaji wa Tsavo

Ugumu wa kwanza wa utafiti huu ni jina. Kitenzi “toa”, kikiingizwa katika kauli ya kutendea, huwa “tolea”. Kikitiwa “ji” ya kujirejelea huwa “jitolea”, na hapo mtu amekuja Tsavo kuwasaidia wanyama. Lakini dondosha silabi moja tu, useme “jitoa”, na mtu huyohuyo yuko stendi ya Voi na begi lake, anangoja basi la Mombasa. Katika miaka minne niliyokuwa mkalimani, mtunza stoo na mteka maji wa kambi moja kando ya hifadhi, niliwaona waliofika Jumatatu wakijitolea na kufikia Alhamisi wamejitoa. Silabi hiyo moja, kwa makadirio yangu, ina uzito wa jua la saa nane mchana pamoja na choo cha shimo.

Uwanja wa utafiti ni hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948 na baadaye kugawanywa Mashariki na Magharibi: zaidi ya kilomita za mraba 20,000 za vichaka na udongo mwekundu, zilizopasuliwa katikati na barabara na reli ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2021 ndovu wa Tsavo walihesabiwa kutoka angani wakapatikana 14,964. Wajitoleaji hawahesabiki kwa njia hiyo. Wakisikia ndege hutoka wote hemani kuipungia mkono, wengine mara mbili, na hesabu inaharibika.

Ili niwatambue mmoja mmoja, nilianza kwa mbinu zinazokubalika kwa wanyama. Tangu makala ya Pennycuick na Rudnai ya mwaka 1970, simba hutambuliwa kwa madoa yaliyo kwenye mashina ya sharubu zake, ambayo hupangika tofauti kwa kila simba. Ndovu hutambuliwa kwa masikio, kwa mipasuko na matundu yake. Ndivyo Iain Douglas-Hamilton alivyowajua ndovu wa Ziwa Manyara mmoja mmoja katika miaka ya 1960. Nami nikajaribu masikio. Masikio ya wajitoleaji wengi hubambuka ngozi siku ya tatu, na yule niliyemwandika “masikio mekundu” asubuhi alikuwa na masikio ya rangi mbili kufikia chakula cha jioni. Sharubu nazo hazikufaa kitu. Wiki ya pili wanaume wote wanazo, na zote zina vumbi.

Nilikuta pia mikabala miwili ya wenyeji walionitangulia. Mkabala wa Jikoni, ulioasisiwa na mpishi wetu, unawagawa wajitoleaji kuwa wanaomaliza ugali na wasiomaliza. Mkabala wa Usukani, wa dereva, unauliza swali moja: gari likizama matopeni, nani anashuka kusukuma na nani anashuka kupiga picha? Dereva alishikilia kwamba hakuna kundi la tatu. Nilipomwonyesha mmoja aliyepiga picha kwanza kisha akasukuma, akasema huyo ni nyumbu, na mpaka leo sijui kama alimaanisha mtoto wa punda na farasi au yule wa Serengeti anayefuata mkumbo.

Mimi nimechagua ngeli, kwa sababu kila mtu wa rika langu aliyesoma Kenya alichapwa kwa ajili yake, na haifai fimbo zile ziende bure.

Ngeli ya A-WA ni ya viumbe wote wenye uhai, na hapo Kiswahili hakina ubaguzi: nyuki anakuja, ndovu anakuja, mjitoleaji kutoka Leeds anakuja. Usawa huu una hasara zake. Usiku mmoja wa Januari, mahindi yakiwa karibu kukauka, simu yangu ililia saa nane. Alikuwa shangazi yangu, ambaye shamba lake liko chini ya mlima Sagalla.

“Wamekuja,” akasema.

Kambini tulikuwa tukingoja kundi la wageni ambao gari lao lilikuwa limekwama Mtito Andei tangu jioni. Nikajua wamepotea njia wakatokea kwake.

“Wako wangapi, Shangazi?”

“Saba. Na mtoto.”

“Wana mizigo?”

“Bado,” akasema. “Ndiyo kwanza wanaanza kuvuna.”

Kiambishi kinachomchanganya ndovu na mgeni kinaweza kufaa katika mahubiri. Katika utafiti hakifai, na ndiyo maana ilinibidi niwagawe zaidi.

Ngeli ya KI-VI ina wajitoleaji wanaotambulika kwa vitu walivyobeba kabla ya kutambulika kwa sura: viatu vya kupandia milima (watoto wa shule hupanda Sagalla kwa kandambili), vitochi vya kufunga kipajini, vichupa vya dawa ya mbu, kijitabu cha ndege, kichujio cha maji, na kitu kimoja cha plastiki ambacho mwenyewe hakujua ni cha nini, ila dukani aliambiwa hakuna aendaye Afrika bila hicho. Kichujio kilitumika kuchuja maji ya chemchemi za Mzima, yaleyale ambayo bomba huyapeleka Mombasa, na Mombasa wako hai. Kitu cha plastiki kilibaki kambini. Mpishi huchujia chai kwacho.

Hapa msomaji ajihadhari. Si kila chenye KI ni cha KI-VI. “Kifaru amelala” ni mnyama; “kifaru kimelala” ni chombo cha vita kilichoharibika. Umbo ni moja, na upatanisho ndio unaofichua kilichomo ndani. Kosa la kuangalia umbo peke yake ndilo linalofanywa kila siku kuhusu neno “kijana”.

Kijana ninayemzungumzia ni wa hapahapa. Ana diploma ya usimamizi wa wanyamapori, ana viatu jozi moja, na anajitolea. Anajitolea miezi sita, kisha sita mingine, kwa sababu tangazo la kazi litakapotoka litadai uzoefu wa miaka mitatu. Mgeni hulipa ili ajitolee. Kijana hujitolea ili siku moja alipwe. Wote wawili huandikwa katika daftari moja chini ya neno moja, na huamka saa kumi na moja alfajiri ileile. Mwisho wa muda wote hupewa cheti. Cha mgeni kitatundikwa ukutani. Cha kijana kinatiwa katika bahasha ya kaki na kuzungushwa ofisi hii na ile mpaka pembe zake zinalainika kama kitambaa, halafu kinapigwa nakala, na nakala ndiyo inayoendelea na safari.

Kambini kijana huyu huwekwa KI-VI pamoja na vifaa vingine. Hutumwa, hubebeshwa, na garini hupangwa nyuma, juu ya madumu ya maji. Kisarufi yeye ni A-WA tangu zamani. Asubuhi moja kiongozi wa kikundi aliinama juu ya nyayo kando ya mto mkavu akatangaza kwamba chui amepita. Wageni wakapunguza sauti. Kijana, kutoka nyuma, akasema kwa adabu: “Samahani, chui hutembea ameficha kucha. Hizi zina alama za kucha. Huyu ni fisi.” Kiongozi akatazama tena, akakubali, na alikuwa muungwana kwa hilo. Ila ripoti ya jioni iliandika kwamba nyayo zilitambuliwa “kwa mujibu wa taarifa za mahali hapa”. Msomaji akumbuke maneno hayo, tutakutana nayo mbele.

LI-YA nitaipita haraka. Ni ngeli ya ukubwa, na wajitoleaji wake hukuza kila wanachokiona: nyoka huwa joka, mto mkavu huwa bonde, na simba aliyelala umbali wa viwanja vinne vya mpira, ikifika chakula cha jioni, ameshawapumulia usoni.

Wa ngeli ya U-I sina utani nao mwingi. Hii ni ngeli ya mtego na mitego, mzinga na mizinga, na watu wake ni wa kazi za mikono. Kutegua mitego ni kutembea kwa mstari, kila mtu hatua chache kutoka kwa mwenzake, macho yakitafuta chini, usawa wa goti na usawa wa kifundo. Mtego wa digidigi ni kitanzi cha waya mwembamba katikati ya nyasi. Wa nyati ni kebo nene iliyofungwa kwenye shina la mti. Wategaji huuchoma waya kwanza ili upoteze mng'ao, kwa hiyo huuoni mpaka ukuoneshe wenyewe. Siku nzima inaweza kupita mkapata mmoja tu, na jioni mtu aliyezoea kazi ya kompyuta anarudi mikono imechubuka na hana hadithi. Wanaorudi siku ya pili bila kuulizwa ni wachache. Mpishi huwaongezea mboga bila kusema neno.

Mizinga ni habari nyingine. Mwaka 2007 Lucy King, Douglas-Hamilton na Vollrath walichapisha makala iliyoonyesha kwamba ndovu hutimka kwa kusikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa. Baadaye King alileta wazo hilo mashambani Sagalla kwa umbo la ua: mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya, ndovu akiusukuma waya ili apite, mizinga hutikisika na wenye nyumba hutoka kuuliza. Ua wa namna hii hauna umeme wala betri, na humwachia mkulima asali. Unachohitaji ni nyuki wakubali kuhamia, jambo ambalo wakati wa kiangazi hawalikubali, na watu wa kuikagua mizinga, kufagia buibui na siafu, na kuandika nani alikuja usiku na akaishia wapi. Nimemwona mjitoleaji aliyevaa mavazi yote ya nyuki, kuanzia glavu hadi wavu wa uso, akasahau kufunga zipu ya mguu. Alikimbia vizuri sana. Ndovu wangemwelewa.

Ngeli ya I-ZI ina maneno yasiyobadilika, kamera moja na kamera kumi ni kamera tu, na kwa miaka yangu yote pale nilimpata mtu mmoja wa ngeli hii. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, tulimwita Nyanya, na alirudi kila mwaka katika mwezi uleule, na kofia ileile. Aliosha sahani yake mwenyewe. Aliwajua ndovu kwa masikio kuliko alivyotujua sisi kwa majina, na akimwona jike fulani aliyepasuka sikio la kulia alimwamkia kwa Kiswahili, “Habari za siku nyingi,” kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Sina cha kuchambua hapo.

Ngeli ya KU ni ya vitenzi-jina: kuhesabu, kupima, kuandika. Ndani yake mtu hayumo, limo tendo peke yake, na tendo lenyewe Tsavo mara nyingi ni kuhesabu mavi. Nisamehewe neno, lakini hili lilikuwa tatizo langu la kila siku kama mkalimani. “Mavi” ni sahihi na ni matusi. “Kinyesi” kina adabu ya hospitali. Kwenye mafunzo tuliambiwa tuseme “sampuli”, na hapo donge la ndovu likapanda cheo kuliko wengi wetu. Sayansi yenyewe si ya kuchekwa: ndovu anapokua, unene wa donge lake huongezeka, kwa hiyo mwenye utepe wa kupimia anaweza kukadiria umri wa wanyama ambao hajawaona, na ukijua donge huchukua siku ngapi kuoza, idadi ya madonge hukupa fununu ya idadi ya ndovu. Nilimweleza hayo yote mzee mmoja wa kijiji aliyetukuta tumepiga magoti barabarani. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama msichana wa watu mwenye utepe mkononi, akaniuliza kwa upole, “Kwani kwao hakuna?”

Kuna pia wa U-U, ngeli ya dhahania, ya uhifadhi na utu na uvivu, ambao uwepo wao haushikiki. Hawa hawaji kabisa. Mfano ulio bora uko ng'ambo ya mpaka: Serengeti, ambako kamera 225 za kujifyatua zilitegwa katika kilomita za mraba 1,125, na picha zikawekwa kwenye intaneti ili yeyote duniani aseme ameona mnyama gani. Watu zaidi ya 28,000 waliojiandikisha walifanya hivyo wakiwa majumbani kwao. Kila picha ilipitiwa na wengi, majibu yakakusanywa pamoja, na yalipolinganishwa na ya wataalamu, jina la mnyama lilikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Nilimsomea mpishi takwimu hizo. Hakushangazwa na asilimia. Alirudia tu, polepole, kama mtu anayesikia habari za pepo: “Elfu ishirini na nane. Na hakuna anayekula.”

Neno kuhusu muda. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na mjitoleaji wa kawaida hukaa wiki mbili. Kwa hesabu hiyo jike mmoja hupitiwa na vizazi zaidi ya 40 vya wajitoleaji kabla hajazaa mara moja, na kila kizazi humpa jina jipya. Safari ya upande wa pili, kutoka Tsavo kwenda kuwasaidia wa ng'ambo, naijua ya wawili tu: simba wale waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, wakapigwa risasi na J. H. Patterson. Tangu miaka ya 1920 wako Field Museum, Chicago, wakiwaelimisha watoto wa huko bila mshahara wala likizo. Hao hawakuulizwa kama wanajitolea au wanajitoa.

Imebaki PA-KU-MU. Walimu wetu waliipenda ngeli hii kwa kuwa ni fupi: ina nomino moja tu, “mahali”. Nilidhani nitaiacha wazi.

Asubuhi baada ya ile simu ya saa nane nilikwenda kwa shangazi pamoja na wajitoleaji wawili. Walikuwa wa U-I, watu wazuri, na walibeba fomu ya kuandikia uharibifu. Shangazi tulimkuta bado juu ya ulingo. Neno hilo siku hizi limehamia kwenye ndondi na siasa, lakini asili yake ni jukwaa la miti ambapo mtu hukaa kulinda shamba lisiliwe. Pembeni yake palikuwa na sufuria kuukuu iliyobonyea kwa kupigwa, tochi iliyokwisha nguvu, na debe la pilipili zilizochomwa pamoja na kinyesi cha ndovu, moshi wake bado ukiwasha macho. Hukaa pale tangu mahindi yanapobeba mpaka yanapoingia nyumbani, kila msimu, tangu alipoolewa. Kabla yake alikaa mama mkwe. Hajamjeruhi ndovu hata mmoja. Anachofanya ni kuwageuza waende zao, na wakienda anakaa kungoja kama watarudi. Kiswahili kina kitenzi chake, “kuamia”, kulinda mimea dhidi ya ndege na wanyama, kitenzi kifupi kisicho na “ji” ndani yake.

Msichana mwenye fomu aliuliza maswali yote, nami nikatafsiri. Tarehe. Saa. Idadi ya ndovu: saba na mtoto. Mmea: mahindi, na kunde kidogo. Ukubwa wa eneo lililoharibiwa, tukalipima kwa hatua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu mkulima adai fidia ya mazao, na fomu nyingine ya kazi hiyo shangazi anayo ndani, ya msimu uliopita, ameikunja ndani ya Biblia. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa ya utafiti.

Kisha msichana akaniambia nimwulize jina lake. Shangazi akalitaja. Msichana akaitazama karatasi juu mpaka chini, akaigeuza, akairudisha. Hapakuwa na nafasi ya aliyekesha. Alikuwa na moyo mzuri na hakutaka kuliacha jina lianguke, kwa hiyo akaliandika, kwa mwandiko safi, katika nafasi pekee iliyobaki tupu, palipoandikwa MAHALI.

Mwaka uliofuata ramani ilichapishwa, na nakala yake ikabandikwa ukutani kambini. Ina madoa mekundu popote ndovu walipoingia mashambani, na kila doa lina jina lake. Nilimpeleka shangazi kuiona siku aliyotuletea mayai. Nikamwonyesha doa la pembeni, chini ya mlima.

“Hapo ni wewe, Shangazi.”

Akasogea, akaliwekea kidole, akalisoma jina lake herufi kwa herufi. Wageni walikuwa mezani wakinywa chai, wakatugeukia na kutabasamu. Aliwatazama, akanirudia mimi.

“Basi hebu waulize, mwanangu,” akasema. “Usiku ule, hapo mahali palilala saa ngapi?”